Somo: Kujaza nyakati za tukio katika programu ya matukio ya barabarani

Swali la saa ipi iandikwe katika kila kisanduku cha tukio nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Maana ninazozitoa ni za mfumo wa Marekani, ninakofanya kazi ya zamu katika chumba cha kuongozea barabara kuu.

1. Kugunduliwa: andika saa ambayo taasisi husika ya kwanza iliweka taarifa kwenye kumbukumbu, hata kama wewe ulikuwa hujaingia zamu.

2. Kuthibitishwa: ni saa tukio lilipoonekana kwa kamera au na askari aliyefika.

3. Ukubwa: likikadiriwa kuchukua chini ya dakika 30 ni dogo, dakika 30 hadi saa 2 ni la kati, zaidi ya hapo ni kubwa.

4. Njia kufunguka na tukio kumalizika. Njia huhesabiwa zimefunguka inapothibitishwa kwa mara ya kwanza kwamba zote zinapitika, ilhali tukio humalizika mhudumu wa mwisho anapoondoka. Usiku mmoja niliona bredauni imeshalivuta lori hadi kwenye bega la barabara na njia zote tatu zinapitika, nikafunga tukio. Programu yetu hufuta ujumbe kwenye mabango ya umeme papo hapo, hivyo magari yakaanza kuja kwa kasi huku fundi amepiga magoti akikaza minyororo, nami namtazama kwenye kamera. Hakuumia. Tangu hapo sifungi tukio mpaka nione taa ya mwisho imeondoka, na nawaonya: msinakili saa moja katika visanduku vyote viwili ili muwahi kutoka zamu.

5. Ajali ya pili: ikitokea baada ya tukio la kwanza kugunduliwa, ndani ya eneo lake au katika foleni iliyosababishwa nalo, iunganishe na tukio mama. Foleni ya upande wa pili wa barabara nayo imo.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo lori likishasogezwa pembeni nafunga?

Soma hatua ya 4.

— Msimamizi wetu anataka dakika ziwe chache.

Basi aongeze bredauni. Mimi nimeeleza maana ya maneno, sikuyatunga.

— Kwa nini upande wa pili uhesabiwe, wakati haukuzibwa?

Umeuliza vizuri. Madereva wa upande ule hupunguza mwendo ili watazame, na anayekuja nyuma yao hana habari. Ndiyo maana nikishathibitisha tukio naielekeza kamera kwenye mkia wa foleni, kwani huko ndiko anakofikia dereva ambaye bado yuko kwenye mwendo kasi.

— Mimi niko Dodoma, na sisi tunatumia daftari tu. Somo hili litanifaa?

Litakufaa sana, ndugu yangu. Chora safu moja kwa kila saa niliyoitaja, na ya mahali uiweke mwanzo, ukiandika namba ya nguzo ya kilomita pamoja na uelekeo wa magari, maana "karibu na daraja" imewahi kulipeleka gari la zimamoto kwenye daraja lisilo lenyewe.