Somo: Kuchagua matairi ya matope ya bei nafuu kwa pikapu wakati wa baridi

Tairi la matope limetengenezwa kushika udongo laini na kuutema. Kashata zake (vile vipande vya mpira vinavyogusa ardhi) ni kubwa, mifereji kati yake ni mipana, kwa hiyo kwenye tope na theluji nene linachimba na kusonga. Juu ya barafu mambo hugeuka: kashata kubwa isiyo na chale (vipasuo vyembamba juu yake) haina kingo za kung'ata, na mpira ambao haukuchanganywa kwa ajili ya baridi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya 7°C hivi. Asikuvute mtu kwa ukali wa sura. Pesa yako ifuate mpira, chale na umri.

1. Pima njia zako kwanza. Kama safari nyingi ni za lami yenye barafu, chukua A/T (tairi la njia zote) yenye alama ya theluji (hatua ya 3); mara nyingi ni ya bei ndogo, haina kelele na inafunga breki vizuri zaidi. M/T, yaani tairi la matope, ni ya anayekutana na tope la kweli au theluji nene mara kwa mara.

2. Soma ubavu wa tairi. 265/70R17 maana yake upana ni 265 mm, kimo cha ubavu ni 70% ya upana huo, na rimu ni ya inchi 17. Baada ya hapo kuna namba ya uzito: 112 hubeba kilo 1,120 kwa tairi moja, 115 kilo 1,215, na 121 kilo 1,450. Usishuke chini ya ile iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Herufi Q, ambayo iko kwenye M/T nyingi, ni kikomo cha 160 km/h.

Kwa matairi ya LT (ya malori mepesi kama pikapu), herufi C ni plai 6, D plai 8, E plai 10; plai ni kipimo cha uimara wa tairi. Wengi hukimbilia E wakidhani ni bora kwa kila gari. Pikapu ndogo inayotembea tupu itarukaruka tu, na ubavu mgumu haulali vizuri ukipunguza upepo. Kama hubebi mizigo mizito, C inakutosha na unaokoa pesa.

3. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Alama hiyo hutolewa kwa tairi lililofaulu jaribio la mvuto kwenye theluji iliyoshindiliwa. M+S (tope na theluji) peke yake inazungumzia umbo la mifereji tu. Hata hivyo, mlima huo haukuhakikishii breki kwenye barafu.

4. Kagua chale, na hapa usiwe na haraka. Ingiza pembe ya kadi nyembamba uone inazama kiasi gani. Kwenye matairi mengi ya bei ya chini chale zina kina cha 2 au 3 mm tu: zikilika, umebaki na kashata laini kama sabuni, ingawa tairi bado linaonekana jipya. Tafuta chale zinazofika angalau nusu ya kina cha kashata. Kisha bonyeza kashata kwa ukucha, lakini nje kwenye baridi. Ndani ya duka lenye joto kila mpira ni laini.

5. Soma tarehe. Namba nne za mwisho za DOT, ile alama ndefu ubavuni: 4023 ni wiki ya 40 ya mwaka 2023. Tairi la zaidi ya miaka 6 liache hata kama halijawahi kufungwa, maana mpira hukakamaa hata stoo.

6. Mtumba upigie hesabu. M/T mpya ina kina cha takriban 15 mm, na ikifika 5 mm haina tena maana kwenye tope na theluji. Una 10 mm za kutumia. Mtumba wenye 8 mm una 3 mm tu, kwa hiyo ukizidi 30% ya bei ya mpya umepunjwa. Kataa lenye nyufa begani, kiraka karibu na ubavu, au lililolika upande mmoja.

7. Ukishafunga, balansi yote manne, kaza nati tena baada ya kilomita 80 hadi 100, na zungusha nafasi za matairi kila kilomita 8,000. Pima upepo asubuhi kabla ya kuondoka: kila joto likishuka 6°C unapoteza karibu psi 1.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Wakuu, naweza kuanza na mawili ya nyuma, mengine baadaye?
Jibu: Hapana, mkuu. Kwenye 4x4 mizunguko ikitofautiana, transfa na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) zinavutana hadi ziharibike. Na hata kama gari linasukumwa na nyuma tu, mbele itateleza kwenye kona huku nyuma ikiendelea kuisukuma.

Swali: Nina 265/70R17. Nikiweka 285/70R17 itakaa?
Jibu: Kipenyo kinatoka 803 mm hadi 831 mm, ongezeko la 3.5%. Spidi ikisoma 100, unakwenda karibu 103. Kata usukani hadi mwisho pande zote mbili uone kama linagusa, na acha nafasi ya minyororo. Kumbuka pia kwamba tairi jembamba hupasua theluji laini na kufikia ardhi. Pana huelea juu yake.

Swali: Nikikwama, nipunguze upepo hadi wapi?
Jibu: Psi 20, mwendo usizidi 30 km/h. Chini ya 15 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Jaza kabla ya kurudi lamini.

Swali: Usukani unatikisika tangu jana, na balansi ilifanywa juzi. Fundi kakosea?
Jibu: Angalia ndani ya rimu kwanza. Tope au theluji iliyoganda upande mmoja inatosha kutikisa gari zima. Ing'oe, osha kwa maji ya uvuguvugu, jaribu tena. Ikiendelea, ndipo umrudie fundi.