Kabla Hujaandika, Mtafute Anayekubishia

Nafundisha uandishi wa kitaaluma kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Morogoro, na huu ni mwaka wangu wa 12. Muhula mmoja huniletea insha zaidi ya 200. Nazisahihisha usiku kwenye meza ya chakula, watoto wakishalala, kwa kalamu ya kijani. Kosa ninalokutana nalo kuliko mengine yote si la sarufi. Ni insha isiyo na mtu wa kubishana naye: kurasa sita za mambo ambayo hakuna anayeyakataa, zimechapwa vizuri steshenari na kubanwa pini, na ukizisoma hadi mwisho hujui ziliandikwa ili nani abadili mawazo.

Kwa hiyo mwanafunzi akigonga mlango na kusema, "Madam, asaimenti imenishinda, sijui nianzie wapi," simuulizi amesoma nini. Namuuliza, "Nani hakubaliani na wewe?" Akinitajia mtu, insha imeshaanza. Akisema hakuna, namrudisha akamtafute, maana bado hana la kuandika.

Kozi kama yangu huwa na kazi za aina tatu: insha ya fasili, insha ya hoja, na uchambuzi wa balagha, yaani namna maneno ya msemaji yanavyowavuta wasikilizaji wake. Wengi huziandika zote kwa kalibu moja waliyotoka nayo sekondari: maana, faida, hasara, hitimisho. Kalibu hiyo iache. Kila kazi kati ya hizi ina mbishi wake, na kila mbishi unamkuta mahali pake.

Kwenye fasili, mbishi yuko mpakani. Swali linasema, "Fafanua dhana ya mmachinga," na mwanafunzi anakimbilia kamusi, ananukuu mstari mmoja, kisha anahamia kwenye faida za biashara ndogondogo. Lakini hakuulizwa faida. Ameulizwa nani yumo na nani hayumo. Anza na watu, tena wale wa ukingoni. Kijana anayetembeza soksi na mikanda pale stendi ya Msamvu yumo, hakuna anayebisha, kwa hiyo hakusaidii sana. Je, mama lishe? Je, mwenye meza ambayo haijahama kwa miaka kumi, na anamlipa mlinzi wa usiku? Je, kijana anayeuza mlangoni pa duka bidhaa za mwenye duka, na jioni anapeleka hesabu ndani? Hapo darasa langu hugawanyika, sauti zinapanda, nami huwaambia washike kalamu wakati uleule.

Kisha angalia waliochora mpaka kabla yako. Desemba 2018 serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Hiyo ni fasili kwa kipimo cha fedha. Mwaka 2021 wafanyabiashara walipoondolewa pembezoni mwa barabara na kupelekwa kwenye maeneo yaliyotengwa, kipimo kilichofanya kazi kilikuwa cha mahali: umekaa wapi? Mtu mmoja anaweza kuwa ndani kwa kipimo cha kwanza na nje kwa cha pili. Kazi yako ni kuchagua kipimo, kukitetea, na kusema waziwazi kinamwacha nani nje na kwa nini unaona ni haki aachwe. Asili ya neno, kama ni kabila la Wamachinga wa Lindi au ni neno la Kiingereza lililopinda, ipe aya moja fupi. Inapendeza kuijua, lakini haikwambii leo nani apewe kitambulisho.

Insha ya hoja ndiyo wanayoipenda, na ndiyo inayowaangusha wengi. Mada haikosi kuwa lugha ya kufundishia: sekondari tufundishe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza? Ni mada nzuri kwa sababu wengi darasani wameiishi. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967, kisha mtoto anafika kidato cha kwanza na kukuta masomo yamegeuka Kiingereza. Mimi mwenyewe nilikariri maana ya osmosisi neno kwa neno na nikapata alama zote. Ilichukua miaka kabla sijajua kuwa ndiyo inayofanya mchicha ulionyauka usimame tena ukiulowesha. Mama yangu alikuwa akifanya hivyo kila jioni mbele ya macho yangu.

Kwanza, punguza dai. "Kiswahili kitumike kufundishia" ni kauli ya jukwaani. "Masomo ya sayansi kidato cha kwanza na cha pili katika shule za serikali yafundishwe kwa Kiswahili, na Kiingereza kifundishwe kama somo, na walimu waliosomea kukifundisha" ni dai linalotetewa katika kurasa sita. Pia soma waliotangulia. Tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kiingie sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Ukiandika kana kwamba wazo limezaliwa bwenini kwako, msomaji anajua hukusoma.

Sehemu ngumu inakuja baada ya hapo. Ushahidi wako: wanafunzi wengi hawakielewi Kiingereza cha darasani. Dai lako: wafundishwe kwa Kiswahili. Mwanafunzi akishaandika hayo mawili anadhani kazi imekwisha. Lakini mbishi wake anauchukua ushahidi uleule na kusema: hawaelewi Kiingereza, basi wafundishwe masomo yote kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ushahidi ni mmoja, madai yanapishana kabisa. Kumbe ubishi hauko kwenye ushahidi, uko kwenye daraja linalouvusha ushahidi hadi kwenye dai. Daraja lako ni imani kwamba kazi ya kipindi cha biolojia ni biolojia. Daraja la mwenzako ni imani kwamba shule nzima ni mahali pa kupata lugha itakayompatia mtoto ajira. Usipoliandika daraja lako na kulitetea, hata ukirundika takwimu kurasa tatu hujamgusa.

Na mbishi huyo msimwite "baadhi ya watu." Mpeni sura. Mimi huwaambia wamfikirie mama anayeamka saa kumi usiku kukaanga vitumbua ili alipe ada ya shule ya ingilishi midiamu. Andika hoja yake aya nzima, kwa namna ambayo yeye mwenyewe angesoma na kusema, "Ndivyo ninavyosema." Atakwambia kuwa usaili wa kazi nyingi ni kwa Kiingereza, na kwamba watoto wa wenye nazo hawaisubiri sera. Huyo si mjinga, anajua anachokinunua. Mjibu kwa heshima. Ukiona huwezi kumjibu, usimfute, punguza dai lako mpaka liwe kweli. Mwanafunzi mmoja alikuja kwangu wiki ya pili karibu analia kwa sababu mbishi wake alikuwa amemshinda. Nilimwambia aandike hivyohivyo, alianza na msimamo gani na kilichomgeuza ni nini. Muhula ule hakuna aliyepata alama kumzidi.

Uchambuzi wa balagha ndio usioeleweka kabisa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kila mwaka nawapa hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera. Na kila mwaka napokea historia ya vita: Amin aliingia lini, tulimpiga vipi, Kampala ilianguka Aprili 1979. Yote ni kweli, na hayana alama. Wengine wananiandikia kwamba Mwalimu alikuwa sahihi. Swali halikuuliza hilo pia. Swali linauliza maneno yake yalifanya kazi gani masikioni mwa watu, na kwa njia gani.

Mbishi hapa ni msikilizaji mwenye shaka, yule aliyekaa karibu na redio siku ile akijiuliza kama nchi changa na maskini inaweza vita. Sasa chukua maneno ambayo hata watoto wetu wanayajua: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Jaribu kuyageuza: "Tuna uwezo, tuna sababu, tuna nia." Maana haijabadilika, lakini kuna kitu kimepotea. "Tuna uwezo" ni taarifa. "Uwezo tunao" ni jibu. Kiswahili hulitanguliza jambo namna hiyo pale ambapo mtu ameshalitilia mashaka. Umwambie mgeni, "Chakula kipo," atajua kuwa ulisikia wasiwasi wake. Kwa hiyo sentensi zenyewe zimebeba ndani yake swali la msikilizaji, mara tatu, na kila mara zinalijibu. Huo ndio uchambuzi. Umeanzia kwenye mpangilio wa maneno ukaishia moyoni mwa msikilizaji, na hukuhitaji sifa yoyote kama "alitumia lugha ya kuvutia."

Nenda mbele. Mwalimu alisema uwezo "wa kumpiga." Hakusema wa kupigana, wala wa kuwapiga. Ile *-m-* ni mtu mmoja. Silabi hiyo inamtenga Amin na wananchi wa Uganda, ambao baadhi yao ni majirani na ndugu wa watu wa Kagera. Weka kidole juu ya silabi hiyo katika aya yako, uonyeshe ingekuwaje kama angesema "kuwapiga." Mwanafunzi wa kwanza kuniletea jambo hili alikuwa anatoka Bukoba, na nilisimama jikoni kumsomea mume wangu aya hiyo.

Tahadhari moja. Nukuu hiyo watu wengi wanaisema kwa kumbukumbu, na mpangilio wa uwezo, sababu na nia hubadilika kinywani mwa kila mtu. Ukitaka kujenga hoja juu ya kipi kilitangulia, sikiliza sauti yenyewe, uandike kwa mkono wako. Usidese kwa mwenzako. Kuhusu Aristotle na njia zake tatu, yaani haiba ya msemaji, hisia na mantiki, zitumie kama tochi ya kutafutia. Ukishakipata kitu, eleza kitu. Sentensi kama "hapa ametumia hisia" naikatia mstari, naandika pembeni: ipi, kwa neno lipi?

Kuandika kwenyewe hakuna siri kubwa. Utangulizi uandike mwisho, ndipo utakapojua unatanguliza nini. Zile "tangu kuumbwa kwa ulimwengu" zitajiondoa zenyewe. Soma rasimu kwa sauti, hata kama wenzako chumbani watakutazama. Kisha tafuta mtu mmoja ambaye unajua kabisa hakubaliani nawe. Usimpe rafiki anayekuhurumia. Mpe rasimu na penseli, na umwombe jambo moja tu: kila alipotamani kukukatiza kauli, aweke alama. Rudi kitandani na alama hizo, anza na iliyokuumiza zaidi.