Somo: Kusoma na Kutamka Kiingereza kwa Kukata Silabi

Kijana mmoja wa kikundi chetu cha kusoma cha jioni hapa Mombasa huwatembeza wageni katika Fort Jesus, au Ngomeni kama wenyeji wa Mji wa Kale wanavyopaita. Siku moja aliwaeleza wageni wake kwamba Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498, akakusudia kusema kuwa alikuja kwa "ship", ulimi ukamtolea "sheep", na wageni wakacheka kwa kumwona Mreno huyo akivuka bahari juu ya kondoo. Kijana huyo hulijua neno, maana yake na tahajia yake. Kilichomponza ni kuisoma irabu ya Kiingereza kwa kipimo cha Kiswahili, na somo hili limeandikwa kwa ajili yake na wenzake.

Sisi tulifunzwa kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu, na mafunzo hayo yakatutosha, kwani Kiswahili kina irabu tano zenye sauti tano, silabi zake nyingi mno huishia kwa irabu, na mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache ya kuja. Kiingereza nacho kina herufi zizo hizo tano za irabu, lakini sauti za irabu katika matamshi sanifu ya Uingereza hufikia takriban 20. Anayekisoma kwa desturi ya Kiswahili huwa mkarimu kupita kiasi: kila herufi huipa sauti, kila silabi huipa uzito sawa, na kila konsonanti ya mwisho huitilia irabu ya kuegemea.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu silabi kwa kidevu. Weka kiganja chini ya kidevu useme "kitabu", nawe utahisi kidevu kikishuka mara tatu. Sasa sema "school": kinashuka mara moja tu. Neno "strength" lina herufi nane, na bado ni silabi moja. "Wednesday" ni mbili, "vegetable" na "comfortable" kwa wasemaji wengi ni tatu tatu, na "chocolate" ni mbili. Hesabu irabu zinazosikika, usihesabu zinazoonekana.

Hatua ya pili ni kulikata neno kwenye karatasi, na hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa hivyo tusiharakishe. Silabi inayoishia kwa konsonanti huitwa silabi funge, na irabu yake ikiwa moja huwa fupi kwa kawaida, kama ilivyo katika "ship", "bed" na "hop". Silabi wazi, ambayo huishia kwa irabu, mara nyingi huitamka irabu hiyo kwa jina lake la alfabeti, kama katika "go", "me" na silabi ya kwanza ya "paper". Ikiwa neno linaishia kwa e isiyotamkwa, e hiyo haikuwekwa bure, kwani huigeuza irabu iliyo nyuma yake: "hop" huwa "hope" na "kit" huwa "kite". Irabu mbili zilizoandamana mara nyingi hutoa sauti moja, ndiyo maana "sheep" na "boat" ni silabi moja moja. Herufi r nayo huiharibia irabu iliyoitangulia sura yake, na wazee wetu walilisikia jambo hilo vyema walipolichukua "shirt" wakalifanya shati, wala hawakusema shiti.

Kwenye neno refu, tazama konsonanti zilizo katikati ya irabu mbili. Zikiwa mbili, kata baina yake: "mar-ket", "win-dow", "din-ner". Ikiwa ni moja, jaribu kwanza kukata kabla yake, kama "pa-per" na "ho-tel"; ukiona neno halifanani na lolote unalolijua, kata baada yake, kama "riv-er" na "lem-on". Kwa kipimo hiki utafahamu kwa nini "dinner" na "diner" hutofautiana kwa sauti ya i, na kwa nini mhudumu wa hoteli anayeandika "hopping" badala ya "hoping" humwambia mgeni kwamba anarukaruka akimsubiri. Herufi mbili zinazofanana hazivutwi wala hazitamkwi mara mbili. Zimewekwa kuifunga silabi tu.

Wengi huuliza kwa nini lugha hii haikuandikwa kama inavyotamkwa. Kwa kiasi kikubwa iliandikwa hivyo, ila zamani. William Caxton alianzisha kiwanda cha uchapaji Westminster mwaka 1476, wakati ambapo k ya "knife" bado ilitamkwa na gh ya "night" ilikaribiana na kh ya kheri. Tahajia ikaanza kukazwa na wachapaji huku matamshi yakiendelea kuhama, hata irabu ndefu zikahama karibu zote. Tunachokisoma leo, basi, ni kivuli cha sauti za watu waliokwisha kufa.

Hatua ya tatu ni kuitafuta silabi yenye nguvu. Katika Kiswahili tunasema kiTAbu, kisha kitaBUni, na mkazo unajisogeza wenyewe bila ya kuuliza. Katika Kiingereza ni lazima uulize. Husemwa PHO-to-graph, lakini pho-TOG-ra-pher, na pho-to-GRAPH-ic, maneno matatu ya shina moja yenye mkazo mahali patatu. Maneno yanayoishia kwa -tion, -ity na -ic huweka mkazo kwenye silabi iliyo kabla ya kiishio hicho, nayo ni kanuni ya kutegemewa sana, ingawa -ic ina waasi wake, na "Arabic", ambalo hapa pwani tunalitumia kila siku, ni mmoja wao, kwani mkazo wake uko mwanzoni.

Hatua ya nne ni kuzinyima nguvu silabi zilizobaki. Irabu isiyo na mkazo hufifia mpaka ikawa sauti fupi ya katikati ya mdomo, isiyo a wala e, na hiyo ndiyo sauti ya irabu inayotumika zaidi katika Kiingereza chote. Chukua "banana": a ya katikati pekee ndiyo inayotamkwa waziwazi, na zile mbili za pembeni ni pumzi tu. Wanafunzi wangu huona haya kuimeza irabu, kana kwamba ni utovu wa adabu. Imezeni.

Kwa mazoezi, chagueni maneno kumi kwa siku kutoka kwenye mabango mnayoyapita njiani, kuanzia kivukoni Likoni hadi sokoni Kongowea, mkayakate na kuyatia alama ya mkazo kabla ya kufungua kamusi kuhakikisha.

Maswali ya wanakikundi

Dereva wa tuktuk, Mwembe Tayari: Mwalimu, shikamoo. Kwa nini "wanted" lina silabi mbili na "walked" lina moja, ilhali yote yana -ed?

Jibu: Marahaba. Kiishio hicho huongeza silabi pale tu kitenzi kinapoishia kwa sauti ya t au d, kama "wanted" na "needed". Penginepo hubaki konsonanti tupu: husikika t katika "walked" na d katika "called". Vivumishi vichache, kama "naked" na "wicked", havifuati kanuni hii.

Mama mwenye duka, Mji wa Kale: Mimi nilianza chuoni, kwenye Kurani, kwa alifu na be, herufi za Kizungu nikazijua ukubwani. Je, yale yatanifaa kitu huku?

Jibu: Yatakufaa kuliko unavyodhani, bibi. Chuoni ulifunzwa kwamba herufi yenye sukuni, ile alama ya duara dogo juu ya herufi ya Kiarabu, haina irabu, nawe huisimamisha hapo hapo. Basi tia sukuni akilini juu ya l na k za "milk", usije ukasema "miliki", na juu ya s na k za "desk". Desturi yetu ya kuongeza irabu ndiyo iliyotupa kilabu na burashi, maneno mazuri ya Kiswahili, lakini Mwingereza hayatambui. Jihadhari na shadda tu, kwa kuwa ile ya chuoni huiongeza herufi maradufu, na tumeona kwamba n mbili za "dinner" haziongezi sauti. Walimu wa shule nao huuita mkazo shadda, jambo ambalo limewachanganya wengi.

Mhudumu wa hoteli, Bamburi: Wenzangu waliotoka bara huhangaika na "think" na "this". Mimi sioni ugumu. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, mwanangu. Th ya thelathini na dh ya dhahabu umezinyonya pamoja na Kiswahili, na Kiingereza huziandika zote mbili kwa th. Ugumu wako wewe utakuwa kwenye "cat", "cut" na "cart", ambazo sisi huziweka zote kwenye a moja. Zirudie tatu kwa pamoja kila asubuhi, ukianza na "cart", kwa kuwa ndiyo ndefu.

Mzazi, Changamwe: Mwanangu hukata silabi vizuri, lakini akifika kwenye "one", "said" na "come" husimama na kulia. Nimfanyeje?

Jibu: Mwambie kwamba kosa si lake, maneno hayo ndiyo yasiyofuata njia. Ni machache kwa idadi, ila hukutana nayo katika kila ukurasa, kwa hivyo ayajue kwa sura kama anavyozijua sura za watu wa nyumbani. Mwandikie matatu kwa wiki kwenye vipande vya karatasi, uvibandike mlangoni, na ayasome kila anapotoka kwenda kucheza.