Likizo ya Uswisi na watoto: panga safari kwa kufuata miguu yao

Ninaishi Bern na wanangu, na karibu kila mwaka tunapokea ndugu na marafiki kutoka Dar, Mombasa na Muscat wanaokuja na watoto wao. Wengi hufika na orodha ndefu: Zürich usiku mmoja, Luzern usiku mmoja, Zermatt, Geneva, halafu Paris kwa kuwa ni karibu. Kabla wiki haijaisha watoto wanalia stesheni na wazazi hawasemezani. Njia ninayowashauri ni nyingine: chagueni bonde moja, tueni mizigo, kisha mtoke asubuhi na kurudi jioni kitanda kilekile. Nchi yenyewe inaruhusu. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 41,285, yaani Tanzania ni zaidi ya mara ishirini yake, na treni inafika karibu kila mahali.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Likizo za shule ndizo zitakazoamua. Wenye watoto Tanzania hupata nafasi Juni, na wenye watoto Kenya hupata Agosti. Juni ni mwezi mzuri sana mabondeni: maporomoko yamejaa maji ya theluji iliyoyeyuka na malisho yamejaa maua. Ila mwanzoni mwa mwezi njia nyingi za juu huwa bado na theluji, kwa hiyo kama mna uhuru wa kuchagua, njooni mwishoni mwa Juni. Agosti kuna joto, njia zote zimefunguka, na tarehe 1 ni sikukuu ya taifa yenye fataki na mioto vilimani. Aprili, Mei na Novemba magari mengi ya kebo husimama kwa matengenezo, na mkija wakati huo mtaishia kuiangalia milima kutoka chini.

Desemba ni safari ya aina nyingine kabisa. Jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, kila mtoto anahitaji mavazi ya theluji, na gharama zinapanda. Kwa mara ya kwanza ningechagua majira ya joto.

Jambo moja ambalo wazazi hawalitarajii: mwezi Juni mwanga haukatiki mpaka baada ya saa tatu usiku. Mtoto aliyezoea jua la saa kumi na mbili na nusu hatakubali kwamba ni wakati wa kulala. Mnapokodi nyumba, ulizeni kama madirisha yana vifuniko vya kuzuia mwanga.

Hatua ya 2: Viza, na ianze mapema

Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja. Viza hiyohiyo inakuingiza Ufaransa, Italia na Austria, na inaruhusu hadi siku 90 ndani ya siku 180. Mkipita nchi zaidi ya moja, ombeni kupitia nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Msisubiri huo mwisho, kwa sababu nafasi za miadi huisha msimu wa Juni hadi Agosti.

Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Wa chini ya miaka 6 halipi. Kituo kinachopokea maombi kinaweza kuongeza ada yake ya huduma. Kila mtoto ana fomu yake, pasipoti yake na picha zake, ila aliye chini ya miaka 12 hachukuliwi alama za vidole. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Schengen, na isiwe imetolewa zaidi ya miaka 10 iliyopita. Bima ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000.

Familia nyingi hukwama kwenye karatasi za watoto. Wekeni cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, barua ya shule inayoonyesha tarehe za likizo, na kama mzazi mmoja anabaki, barua yake ya ridhaa. Shangazi au babu anayesafiri na mtoto anahitaji ridhaa ya wazazi wote wawili. Malazi yawekeni kwa masharti ya kughairi bila kupoteza fedha mpaka viza itoke.

Hatua ya 3: Chagua kituo kimoja cha kulala

Kwa familia inayokuja mara ya kwanza, ninawaelekeza eneo la Interlaken katika Bernese Oberland, upande wa milima wa jimbo la Bern. Mji huo uko katikati ya maziwa mawili, Thun na Brienz, kwenye kimo cha mita 567 tu, kwa hiyo hakuna wa kusumbuliwa na hewa nyembamba usiku. Kutoka uwanja wa ndege wa Zürich ni safari ya treni ya kama saa mbili na nusu, na stesheni iko palepale uwanjani. Kutoka Bern haifiki saa nzima.

Mkitaka kuamkia kengele za ng'ombe, laleni Lauterbrunnen, au Wengen, ambako magari hayaruhusiwi na watoto hucheza njiani bila wasiwasi. Mjue tu kwamba Wengen kila safari inaanza kwa treni ya kushuka, na mkate uliosahaulika unaweza kuwagharimu jioni nzima.

Chukueni nyumba au fleti yenye jiko badala ya vyumba viwili vya hoteli. Hosteli za vijana nazo zina vyumba vya familia, safi na vya bei nafuu; msiogopeshwe na jina, wazazi wenye watoto ni wageni wa kawaida huko. Wageni wanaolala Interlaken hupewa kadi ya kupanda mabasi ya pale bure. Idaini siku ya kwanza.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya nauli kabla ya kununua pasi

Tulieni hapa, maana ndipo fedha nyingi hupotea au kuokolewa. Msafiri asiye mkazi ana chaguo kubwa mbili. Swiss Travel Pass inakupa treni, mabasi na meli nchi nzima kwa siku 3, 4, 6, 8 au 15. Swiss Half Fare Card inadumu mwezi mmoja, na kila tiketi unalipa nusu, pamoja na njia nyingi za milimani.

Mtu anayekaa bonde moja na kupanda milima kila siku mara nyingi hufaidika zaidi na kadi ya nusu nauli. Ile pasi kubwa inalipia mpaka Wengen, Grindelwald na Mürren. Kupanda zaidi ya hapo unapata punguzo tu, na kwenda Jungfraujoch punguzo hilo ni robo. Andikeni safari zenu kwenye karatasi, tafuteni bei ya kila moja kwenye programu ya SBB, shirika la reli la Uswisi, mjumlishe, kisha mlinganishe.

Watoto wa chini ya miaka 6 hawalipi. Wa miaka 6 hadi 15 husafiri bure na mzazi mwenye mojawapo ya tiketi hizo, ila lazima muombe Swiss Family Card mnaponunua. Haina malipo, lakini haiji yenyewe. Na ni ya mzazi na mwanawe: mpwa anayekuja na mjomba haingii humo, hulipa nusu ya bei ya pasi. Familia zetu husafiri na watoto wa ndugu, kwa hiyo liwekeni hili kwenye bajeti tangu nyumbani.

Gari la kukodi sioni haja yake. Linahitaji maegesho ya kulipia, na kiti maalumu kwa kila mtoto wa chini ya miaka 12 ambaye hajafika sentimita 150. Treni zenyewe ni nusu ya starehe. Kwenye treni za ghorofa za masafa marefu kuna behewa la familia, juu, lenye uwanja mdogo wa michezo na mahali pa kuteleza. Tafuteni alama yake mlangoni kabla ya kupanda.

Hatua ya 5: Panga siku kwa umri

Kanuni yangu ni mlima siku moja, ziwa au mji siku inayofuata. Na siku ya mlima msiiandikie tarehe. Kila asubuhi fungueni kamera za mubashara za vilele, ambazo karibu kila kampuni ya kebo inaonyesha mtandaoni bure. Kileleni kukiwa kweupe kwa ukungu, bakini chini.

Mlima ninaoupenda kwa watoto wadogo ni Männlichen. Mnapanda gari la kebo kutoka Wengen, na juu kuna uwanja wa michezo wenye ng'ombe mkubwa wa mbao: mtoto anaingia ndani yake na kutoka kwa kuteleza. Mkiwatoa watoto hapo, njia ya kwenda Kleine Scheidegg ina urefu wa kilomita 4 na ushee, inashuka taratibu, na kigari cha mtoto chenye magurudumu imara kinapita. Mbele yenu mna vilele vya Eiger, Mönch na Jungfrau muda wote. Mtu mzima anatembea kwa saa moja na nusu. Na mtoto wa miaka mitano wekeni saa tatu, kwa sababu kila jiwe litapandwa.

Vibao vya njano vya njia vinaandika muda, na muda huo hauhesabu mapumziko hata kidogo. Someni pia rangi. Njano tupu ni njia ya kawaida, ya familia. Nyeupe-nyekundu-nyeupe ni ya mlimani, ina miteremko mikali na inataka viatu vya kweli. Nyeupe-buluu-nyeupe waachieni wapanda milima.

Jungfraujoch kila mtu ataiulizia. Ni stesheni ya reli iliyofunguliwa mwaka 1912, kwenye mita 3,454. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu akumbuke Horombo, mita 3,720, ambako watu hufika siku ya pili kwa miguu ili mwili uzoee. Hapa treni inakutoa Interlaken na kukufikisha karibu kimo hicho kwa takriban saa mbili. Wakubwa wenye afya huona kizunguzungu kidogo na basi. Mtoto mchanga hawezi kukwambia kichwa kinamuuma. Mwenye mtoto wa chini ya miaka 6 ningemshauri aiache na fedha hizo aende Männlichen, kilima cha Harder Kulm juu ya Interlaken, na kwenye meli ya ziwa Brienz. Wenye watoto wa miaka kumi na zaidi, nendeni asubuhi na mapema, mnywe maji mengi, mtembee polepole.

Lauterbrunnen bondeni kuna Trümmelbach, maporomoko kumi yaliyomo ndani ya mwamba, yanayoshusha maji ya barafu hadi lita 20,000 kwa sekunde. Sauti inatetemesha kifua. Watoto wa chini ya miaka 4 hawaruhusiwi, basi mzazi mmoja abaki nje.

Siku ya mawingu nendeni Ballenberg karibu na Brienz, makumbusho ya wazi yenye nyumba za kale zaidi ya mia moja zilizohamishwa kutoka pande zote za nchi, na mifugo halisi uani. Ikinyesha mfululizo, njooni Bern: dakika chache kabla ya saa kamili simameni chini ya mnara wa Zytglogge muone sanamu zikicheza, kisha muende kwenye bustani ya dubu kando ya mto, bila kiingilio. Kukiwa na joto kuna bwawa la Marzili, nalo ni bure. Mto Aare wenyewe msimruhusu mtoto kuuingia. Mkondo wake una nguvu kuliko unavyoonekana.

Hatua ya 6: Chakula

Mgahawa wa kila siku utamaliza bajeti. Pikeni asubuhi na jioni, mchana beba mkate, matunda na mayai ya kuchemsha. Maji msinunue: bomba na chemchemi za mitaani ni ya kunywa, isipokuwa palipoandikwa «Kein Trinkwasser». Jumapili supamaketi hufungwa, isipokuwa za stesheni kubwa na uwanja wa ndege, kwa hiyo Jumamosi mchana jazeni jokofu.

Waislamu waangalie mambo matatu. Soseji maarufu ya cervelat kwa kawaida ina nguruwe, rösti (viazi vilivyokunwa na kukaangwa) mara nyingi huwekwa vipande vya nguruwe, na fondue ya jibini hupikwa kwa divai. Kwenye vifungashio neno la kutafuta ni «Schwein». Raclette ni jibini iliyoyeyushwa juu ya viazi, na watoto huipenda. Interlaken hupokea wageni wengi kutoka Ghuba, hivyo migahawa ya halali haikosekani. Bern kuna Haus der Religionen, yenye msikiti ndani.

Jambo ambalo watoto hawalisahau ni moto. Njiani na kando ya maziwa kuna sehemu za kuchomea nyama zilizojengwa kwa ajili ya wote, mara nyingi kuni zimeshapangwa. Beba kiberiti, soseji za kuku, na kila mtoto achonge kijiti chake.

Hatua ya 7: Mizigo na afya

Kila mita 1,000 mnazopanda, joto hushuka kwa nyuzi sita hivi. Bondeni nyuzi 25, juu 12 na upepo. Kila mtu awe na sweta, koti la mvua, kofia na krimu ya jua, hata wenye ngozi nyeusi, kwani jua la juu ni kali na theluji inalirudisha usoni. Plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii kwenye soketi za Uswisi. Nunueni adapta kabla ya kuondoka. Kwenye kebo mpeni mtoto mchanga titi au chupa, wakubwa pipi, masikio yasiume. Jioni kagueni miguu na makwapa ya watoto kama kuna kupe, hasa mkipita kwenye nyasi ndefu. Ng'ombe wenye ndama wapitieni mbali, bila kuwagusa.

Namba za dharura: 144 gari la wagonjwa, 117 polisi, 1414 helikopta ya uokoaji ya Rega, na 112 kwa lolote. Hakikisheni bima yenu inalipia uokoaji wa milimani. Ziandikeni namba hizo kwenye karatasi pamoja na jina la mahali mnapolala na simu ya mzazi, na kila mtoto awe na yake mfukoni tangu mnapotoka uwanja wa ndege.