Nyundo isidondoke jukwaani
Nyundo inayodondoka kutoka kimo cha mita 10 hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa, na kofia ngumu, ingawa ni ya lazima, haikingi bega wala shingo. Kwa hiyo ninyi mnaojenga maghorofa hapa Moshi, hasa mnaotumia majukwaa ya mirunda, anzeni kwa kuzuia kitu kisianguke: pigilieni ubao wa ukingo, wenye kimo cha angalau sentimita 15, pembezoni mwa sakafu ya jukwaa, na tofali zikipangwa kupita kimo hicho, ongezeni wavu. Vifaa vidogo vifungwe kamba. Vingine vipandishwe kwa ndoo, visirushwe.

Ninalolisisitiza zaidi ni la chini. Zungushieni utepe eneo lililo chini ya jukwaa, saidia fundi asichanganyie zege hapo, na mama anayeleta chakula cha mchana aoneshwe njia ya mbali na ukuta, kwani yeye hana kofia wala hajui nani anafanya kazi juu yake. Jioni, kabla ya kushuka, ondoeni vipande vyote vya tofali na mbao vilivyobaki juu.