Ukitua Uwanja Mkubwa wa Ndege: Ya Kumaliza Kabla ya Mlango wa Forodha

Mlango unaofuata baada ya forodha ni wa kutoka tu. Ukishauvuka huruhusiwi kurudi ndani, hata kama begi lako bado linazunguka kwenye mkanda. Mambo yote ya uwanjani yapange ukiwa na mlango huo akilini.

Tumia choo kilicho karibu na lango uliloshukia. Ndege tatu zikitua kwa pamoja, foleni ya uhamiaji inaweza kupita saa nzima, na anayetoka kwenye mstari huanzia nyuma. Simu uiunganishe na waifai ukiwa bado kwenye ujia, maana ukumbi wa uhamiaji mara nyingi hukataza kutumia simu. Waifai nyingine hutuma namba ya kuingilia kwa ujumbe mfupi, na laini yako isiposhika mtandao wa huko, ujumbe haufiki. Ndiyo maana ramani ya mji na anwani ya unakofikia vinapaswa kuwa vimehifadhiwa kwenye simu kabla hujaondoka nyumbani.

Usifuate msafara wa watu. Anayeunganisha ndege ana vibao vyake, na akiburuzwa na umati hujikuta mbele ya afisa wa uhamiaji bila viza. Marekani ina utaratibu wake: kwa kawaida hata anayeunganisha ndege hupita uhamiaji kwenye uwanja wa kwanza anaotua.

Kwenye ukumbi wa mizigo, skrini huonyesha namba ya mkanda wa ndege yako. Baiskeli, vigari vya watoto na vitu vya umbo la ajabu hutokea dirisha la pembeni, kwa hiyo usiusubirie mkanda bure. Kagua magurudumu, zipu na mpini hapo hapo. Begi likivunjika au lisipoonekana, nenda kaunta ya mizigo kabla ya kutoka, ukiwa na kile kibandiko chenye tarakimu 10 ulichopewa wakati wa kukabidhi mzigo. Usiondoke bila nakala ya ripoti yenye namba ya kumbukumbu. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari za ndege za kimataifa, malalamiko ya uharibifu huandikwa ndani ya siku 7 tangu kupokea mzigo, na ya ucheleweshaji ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Maelezo ya mdomo hayatoshi.

Sasa toka. Kama unahitaji fedha, mashine ya ATM ya benki kwa kawaida ina nafuu kuliko dirisha la kubadilishia fedha. Ikikuuliza kama ikukate kwa sarafu ya nchi yako, kataa. Chagua sarafu ya hapo, kwa kuwa kiwango inachokupendekezea huwa kibaya.

Kwenye usafiri ndiko wengi hupoteza muda. Anayekufuata ndani ya ukumbi akinong'ona “teksi” si wa foleni rasmi, mpite. Teksi za mtandaoni mara nyingi haziruhusiwi kusimama mbele ya mlango, bali huwa na eneo lake, pengine ndani ya jengo la maegesho. Usiite gari kabla mzigo haujawa mkononi: dereva akishafika, muda wa kusubiri huanza kuhesabiwa. Chini ya zege ramani ya simu hupotea, kwa hiyo mwandikie dereva namba ya mlango au ya nguzo uliyosimama karibu nayo.

Kwa treni, usirukie ile ya haraka bila kutazama inaishia wapi. Ya kawaida huenda ikakushusha karibu zaidi na unakolala, bila kubadili na mizigo. Jambo la kwanza kuangalia ni saa ya treni ya mwisho, hasa kama ndege yako inatua usiku.

Siku ya kurudi, soma tiketi kwa makini. LON ni mji wa London, LHR ni uwanja wa Heathrow, LGW ni Gatwick. Na ndani ya Heathrow kwenyewe, treni za Jengo la 4 na za Jengo la 5 huachana njia, kwa hiyo soma kibao cha treni kabla ya kupanda. Anayehitaji kiti cha magurudumu anapaswa kuliarifu shirika la ndege angalau saa 48 kabla. Kuomba kaunta siku hiyo hiyo ni kusubiri kiti ambacho huenda kimeshachukuliwa.