Pampu ya maji ya kompyuta inapiga kelele? Anza hapa

Wakuu, swali hili nimelijibu mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika mara moja tu. Nazungumzia kipoza maji kilichofungwa kiwandani, kile usichojaza mwenyewe: pampu inazungusha maji kupoza prosesa (ubongo wa kompyuta).

1. Zima, fungua kesi, pangusa vumbi.

2. Ukiwa kwenye BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguka kabla kompyuta haijawaka kikamilifu), simamisha feni za rejeta, yaani sehemu ambayo maji hupoa, sekunde 10 hivi. Kelele ikikata, kaza skrubu za feni na tafuta waya unaoguswa na mapanga. Isipokata, ni pampu au hewa.

3. Mkao wa rejeta. Hapa ndipo nilipochemka. Mlio ulikuwa kama maji yanamiminwa kwenye chupa ya shingo nyembamba, nami nikanunua feni tatu mpya. Wapi! Rejeta nilikuwa nimeifunga chini kabisa ya kesi, pampu ikawa ndiyo iliyo juu kuliko vyote. Hewa hupanda; ikakaa kwenye pampu, pampu ikawa inatafuna hewa, na hivyo ndivyo inavyokufa mapema. Funga rejeta juu, au mbele huku ncha yake ikiipita pampu kwa kimo. ANGALIA SKRUBU: iliyo ndefu mno inatoboa rejeta, na hapo umenunua nyingine.

4. Waya wa pampu uwe kwenye soketi yake ya ubao mama, kasi isiyobadilika.

MASWALI

— Mkuu yangu inalia, nifanyeje?
Hatua ya 2.

— Yangu inabubujika dakika moja nikiwasha, kisha kimya.
Kawaida. Hewa inasukumwa irudi kwenye rejeta. Iache.

— Samahani, kifaa kimefungwa, hewa imeingilia wapi?
Swali zuri hili. Tangu kiwandani huwa kuna hewa kidogo. Halafu mipira ya kupitisha maji huvujisha mvuke taratibu sana, miaka ikienda maji yanapungua na hewa inachukua nafasi yake. Ndiyo maana kilichokuwa kimya kikiwa kipya huanza kubwabwaja uzeeni.

— Mbona wengine wanashusha kasi ya pampu hadi chini kabisa na hakuna shida?
Prosesa ni zao.

— Feni zangu zinapanda na kushuka kila nikifungua programu.
Zinafuata joto la prosesa, ambalo huruka ghafla. Zifuatishe joto la maji, lenyewe hupanda polepole. Kama huna kipimo hicho, ongeza muda wa feni kuchelewa kuitikia joto kwenye BIOS.

— Zimetulia, asante! Sasa nasikia diski ngumu inagonga, tik tik.
Acha kila kitu. Nakili mafaili yako sasa hivi.